Matundu ya Vifungo

Kiwanda cha makoti kilipofungwa, pale Kutaisi,
tuligawana mabaki badala ya mshahara wa mwisho.
Lamara akachukua taa, mimi nikachukua vifungo,
debe zima, vya makoti ambayo hayatashonwa tena.
Miaka ishirini na moja nilikuwa fundi.
Sasa nina arobaini na nne, nafundishwa kufundisha,
na kitambulisho cha mwanafunzi
ambacho picha yake inanicheka.

Nimekariri hatua za mpango wa mtoto mmoja mmoja.
Nimekariri namna ya kuandika lengo lipimike:
*atatenganisha vitu kwa rangi, mara nne katika tano.*
Wenzangu wana umri wa binti yangu,
huandika kwa vidole gumba viwili, upesi kama mvua ya hapa.
Mimi bado ninalamba ncha ya penseli
kama mtu anayetunga uzi sindanoni.

Januari wakanipeleka mazoezini, shule ya kando ya mto Rioni,
darasa la mwisho, lenye jiko la kuni.
Watoto sita. Wa sita, Erekle, miaka tisa,
hana neno, ana mluzi mmoja mwembamba,
na kengele ikilia huingia chini ya meza,
koti kichwani.
Faili lake lilikuwa na ukurasa wa mwalimu aliyetangulia:
*mtundu.* Basi. Neno moja, na mhuri.

Ripoti yangu ya kwanza nilijivunia.
Mwalimu Tsiala, mlezi wangu, aliisoma amesimama,
nywele bado zimelowa, akatoa kalamu ya kijani
akazungushia *hawezi*, na *hawezi*, na *hawezi*,
kumi na moja.
"Kila hawezi ni kifungo," akasema, "wala si cha koti.
Umeniandikia mtoto ambaye hayupo.
Aliyepo anafanya nini mikono yake ikiwa huru?"
Kisha akaenda kumfuta mtu makamasi.

Nikaleta debe langu.
Vikombe viwili: chekundu, cheusi.
Jumatatu, sufuri katika tano.
Jumanne, sufuri.
Jumatano nilimshika mkono nikauongoza.
Akapiga mluzi, akamwaga vyote sakafuni,
nami nikarudi nyumbani na basi la mwisho nikiwaza
kwamba kiwanda cha mikate bado kinatafuta watu.

Alhamisi sikusema kitu. Sikuandika.
Nilikaa sakafuni, magoti yakilalamika,
nikamtazama kama nilivyotazama mshono wa wenzangu
kabla sijajua kushona.
Chekundu na cheusi akavitia pamoja.
Akainua kingine, akakipitishia kidole cha shahada,
akafumba macho. Kikombe cha kulia.
Kingine. Kidole. Cha kushoto.

Matundu.
Alikuwa anahesabu matundu:
vya mawili huku, vya manne kule,
hakukosea hata kimoja,
na mimi, fundi,
nilikuwa nimeandika sufuri
kwa sababu lengo langu lilijua rangi tu.
Mtundu, naam. Mtundu hasa.

Ningependa kusema kwamba hapo alinitazama. Hakunitazama.
Alifika kwenye kifungo cha shaba, cha koti la kijeshi,
kile kisicho na tundu usoni.
Akakigusa. Akakigusa tena. Mluzi ukakatika.
Akanyosha mkono bila kugeuza kichwa
akakiweka kiganjani mwangu,
akakiacha hapo, kizito, kina joto lake.

Chuoni hatujafika sura hiyo.
Nilikipindua polepole, nikamwonyesha mgongo:
kijipete cha waya, mahali uzi hupita kwa siri.
Kidole chake kikaja, kikakaa.
Kengele ikalia. Akazama chini ya meza
bila kukiachia,
na kwa kuwa nami nilikuwa bado nimekishika,
nikaingia pia.